Kinasa sauti kwenye robine yetu

Jumamosi, kiangazi. Vumbi tangu asubuhi, na mimi sina amani.

Blogu hii nimeifunga kwa neno la siri. Hata hivyo, jina la mdogo wangu siliandiki.

Denis, kijana wa Ruti, mtaa wa mjini Mbarara, anayetengeneza muziki wa maji, amekuwa akija hapa Misiera, kambini kwa wakimbizi, mwezi mzima. Kila asubuhi napima kina cha ziwa kwa fimbo yenye alama, namtumia namba. Kompyuta yake inapandisha au kushusha sauti ya maji kufuata namba hizo. Watu wa Mbarara wataingia chumba cha maonyesho, wasikie ziwa likipungua. Wazo hilo nililipenda mingi.

Alipotafuta fasi ya kufunga kinasa sauti, nilimwonyesha robine yetu, bomba la maji tunapojazia madumu. Bidoni ikianza kujaa, sauti inapanda kama mtu anayeuliza. Nilisahau kwamba pale ndipo wamama wanapoambiana mambo yao, wakiamini maji yanafunika.

"We Denis, maji ya Mbarara haina mudomo?" jirani yetu Mama Furaha alimtania.

"Hapana ogopa, nyabo. Mimi nataka maji tu."

Maji tu.

Leo amenipeleka Ruti kusikiliza kabla ya maonyesho ya Jumatatu. Bidoni ya kwanza, ya pili. Kisha sauti ya mama yangu, safi kabisa, akisema mdogo wangu si wa tumbo lake, ni mtoto wa marehemu dada yake.

Katika faili yetu ya kuhamia ng'ambo ameandikwa mtoto wake. Wenye ofisi wakisikia, tutaondoka bila yeye, au hatutaondoka kabisa.

Denis alikuwa ananitazama, anatabasamu. Ameelewa? Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini masikio ndiyo kazi yake. Nikimwomba akate pale, atarudia kusikiliza palepale.

Shuleni Uvira, kwetu Kongo, nilifundishwa Kifaransa, hapa Kiingereza. Katika lugha zote mbili najua kunyamaza.

Nikajikaza: "Kaka, toa robine yote. Kelele ya watu ni mingi. Weka mto Rwizi."

"Sawa, nafuta." Akabonyeza kitu. Kioo cha kompyuta kilikuwa upande wake.

Sikuona.

Mama anadhani Denis alichagua robine kwa akili yake mwenyewe. Kesho, kabla hajashika bidoni, nitamwambia ni mimi. Kisha twende Ruti wote wawili, na kile kioo kigeuzwe upande wetu.