Abiria wa Ndege Mbili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nimeisoma, na wajukuu zako wameigombania mpaka kona moja ikachanika. Huku kwetu hatujambo. Mkubwa amepanda darasa. Mdogo ameota meno ya mbele, na sasa anacheka mdomo wazi hata pasipo la kuchekesha, mradi yaonekane. Paa linavuja palepale ulipopaona. Nawe je, unaendeleaje huko? Shangazi bado anakusimamia mpaka umalize sahani? Mpe salamu zangu, umwambie asilegeze kamba.

Nina habari ndefu leo, basi kaa vizuri uvae miwani.

Mabinti zako wawili tumepambana mbele za watu. Mambo yalianza hivi. Mamlaka ya viwanja vya ndege inataka kununua mashine mpya za ukaguzi, maana hizi zetu zimechoka. Ile ya mlango wa pili ikikwama huwa tunaigonga ubavuni kama redio kuukuu. Ili zipatikane, ile ada ya usalama ambayo abiria hulipa ndani ya tiketi yake lazima ipangwe upya, na swali likawa itozwe vipi. Wakaitisha kikao cha wazi, kila kundi lilete msemaji. Wakaguzi wenzangu wakanichagua mimi. Jioni hiyo nafika nyumbani, namkuta Kasuku anapiga pasi gauni lake la heshima. Nikamuuliza anakwenda wapi na gauni hilo. Akaniuliza mimi nakwenda wapi na kabrasha lile. Kumbe mawakala wa tiketi walikuwa wamemchagua yeye. Tulicheka mpaka akaunguza ukosi.

Ulitulea kwa mabishano ya mezani, Baba, ukisema ndugu wanaweza kubishana mpaka chai ikapoa bila kuvunja kikombe. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Kikao kilifanyika ghorofani, katika ukumbi unaotazama njia ya kurukia ndege. Kila ndege ilipopaa, msemaji alilazimika kunyamaza asubiri ipite, na wengine nadhani walitumia nafasi hiyo kutafuta la kusema. Msemaji wa kampuni za ndege, bwana mmoja mwenye tai ya kijani, alitaka ada iondolewe kabisa kwenye tiketi, serikali iibebe, kwa kuwa ulinzi ni wa nchi nzima. Mama mmoja muuza vitambaa akamjibu kwamba jirani yake hajawahi kupanda hata ngazi ya ndege. Kwa nini amlipie yeye anayesafiri kufuata mali yake? Mwingine aliyepakata mtoto mchanga akauliza kama na huyu atatozwa, ilhali hana kiti. Nikasema kiti hana, lakini ana chupa tatu za maziwa, na sisi ndio tunaozifungua moja moja kuzikagua. Watu wakacheka, nami kichwa kikavimba.

Hoja yetu wakaguzi ilikuwa nyepesi: anayekaguliwa mara mbili alipe mara mbili. Wajua uwanja wetu ni njia panda. Karibu nusu ya wanaopita mikononi mwetu hawaingii mjini kabisa. Wanashuka ndege hii wanapanda ile. Ada yao hubaki kule walikoanzia safari, lakini wanaowapekua ni sisi. Nikasema mpishi hapiki vyungu viwili akalipwa kimoja.

Kasuku aliposimama, alieleza kwanza hoja yangu, vizuri kuliko nilivyoieleza mimi, kama ulivyotufundisha. Kisha akaibomoa. Alisema mtu wa mji mdogo habadilishi ndege kwa kupenda. Anabadilisha kwa sababu ya moja kwa moja haipo. Kumtoza kila anapobadilisha ni kumwadhibu kwa kosa la kuishi mbali. Akatoa mfano wa mzee mmoja anayekwenda hospitali kubwa kila baada ya wiki chache akipitia kwetu, ambaye asubuhi huvua viatu na mkanda kwao, na kabla ya adhuhuri anavivua tena kwetu. Hapo sauti yake ilitetemeka. Nilidhani ni mbinu.

Nikainuka. Nikasema mashine haimjui mgonjwa wala mzima, na kwamba wakati huyo mzee anavua viatu vyake, sisi tumesimama na vyetu tangu alfajiri. Ukumbi ukanipigia makofi. Kasuku akakaa, akaanza kukusanya karatasi zake ambazo hazikuwa zimetawanyika.

Tulirudi na teksi moja. Yaliyosemwa jikoni siku ile nitakueleza. Acha kwanza nimalize ya kikao.

Wiki iliyofuata tulikutana tena kutoa mapendekezo ya mwisho. Zamu yangu ilipofika nilisema abiria atozwe mara moja kwa safari nzima, hata abadilishe ndege mara ngapi, na fedha hiyo igawanywe kwa viwanja vyote vilivyomkagua. Kwa njia hiyo anayetoka mbali haadhibiwi, na sisi hatufanyi kazi ya bure. Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi alinitazama kama mtu aliyejikuta kapanda ndege siyo. Wakati wa mapumziko alinivuta pembeni akaniuliza nimemwuzia nani kesi yetu. Nikamweleza ukweli. Akaniambia nirudi ndani, naye ataniunga mkono. Na kweli akaniunga. Kasuku hakuongeza neno, jambo ambalo wewe mwenyewe hutaliamini. Mama mwenyekiti alisema hilo ndilo litakalopelekwa kwa wakubwa, na huko litaamuliwa. Bwana wa tai ya kijani hakuridhika, lakini yeye hata chai ya pale haikumridhisha.

Sasa Baba, nije kwenye lililonishikisha kalamu. Hukuniita Nanga bure. Nikishika hoja sing'oki. Bila shaka umeshajiuliza ni nani aliyening'oa. Ni wewe.

Jikoni siku ile nilimkuta Kasuku anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nikamwambia asininunie, ulikuwa mjadala tu. Akasema bila kugeuka, "Yule mzee ni Baba."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akafunga bomba, akaniambia yote. Kwamba una uvimbe kooni, na umeanza kutundikiwa dawa za saratani. Kwamba sauti yako imekwisha mpaka Shangazi hukusikiliza kwa kukutazama midomo, na ndiyo sababu uliniambia simu yako imeharibika, ukaniomba tuandikiane barua. Kwamba yeye ndiye anayekukatia tiketi, nawe humuuliza mapema siku zangu za mapumziko ili upite uwanjani nisipokuwapo. Akaniambia na ile siku niliyobadilishana zamu na mwenzangu, ukanikuta mlangoni. Ukarudi kukaa mkahawani nyuma ya gazeti, naye ameketi nawe, mpaka nilipokwenda kula. Mwalimu mzima uliyewafukuzia watoto wa watu darasani, umejificha kama mwanafunzi mtoro.

Nilicheka, Baba. Kisha nikakaa sakafuni palepale jikoni, naye akaja akakaa na mimi, mikono yake ikiwa bado na povu. Siku zote nimesema huyu mtoto hana kifua. Kumbe anacho, na alikuwa amekubeba humo peke yake.

Nilimuuliza kwa nini mimi nisiambiwe. Akasema ulimwambia kwa maandishi, kwenye karatasi ya mkahawani, kwamba Nanga ameuguza vya kutosha, mwacheni apumue. Ninajua ulikuwa ukimfikiria baba watoto, na mwaka ule wote niliokaa kando ya kitanda chake. Baba, sikuchoka kumuuguza. Nilichoka alipoondoka. Tangu wakati huo nafungua mabegi ya watu wanaokwenda kwa wapendwa wao, nayafunga, nawatakia safari njema, narudi nyumbani. Kama kulikuwa na mtu wa kubebewa begi, ulipaswa kuniambia.

Na nisamehe kwa maneno ya viatu. Yalipigiwa makofi, lakini kila nikivaa sare yananirudia.

Usimgombeze Kasuku. Nilimlazimisha anionyeshe tarehe ya safari yako ijayo, na nimekwisha kuzungumza na msimamizi wangu. Kanuni haziruhusu mkaguzi kumkagua mzazi wake, na ni vizuri, kwa sababu siku hiyo sitakuwa mkaguzi. Nitakuwa nimevua sare. Nitakusubiri pale unaposhukia, nitapanga foleni nyuma yako, nitavua viatu kama wewe, na wenzangu watatupekua wote wawili. Kisha tutapanda hiyo ndege ya pili pamoja. Miaka yote hii kazini, sijawahi kupanda ndege hata moja, kwa hiyo utanishika mkono ikianza kupaa. Huna haja ya kusema kitu. Nitaongea mimi, na usipokubaliana nami utatikisa kichwa.

Kasuku anakuamkia, anasema ameshakata tiketi mbili, viti vinavyopakana, wewe upande wa dirisha. Watoto wanakubusu mkono. Msalimie Shangazi, na jirani zako wote wanaoniulizia.

Mimi binti yako,
Nanga