Vitambaa Kwenye Kamba

Kitaji, Musoma
3 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipomzika mtoto mwezi Novemba. Simu zako niliziona. Sikupokea kwa sababu sikujua nianzie wapi, na nyumba za huku zimebanana, kila neno linasikika kwa jirani. Natumaini mguu wako umepata nafuu na ng'ombe wamepata majani baada ya mvua.

Mimi ni mzima. Mke wangu, Kwangu, si mzima. Uchungu ule wa uzazi wa siku tatu ulimwumiza ndani, na tangu hapo mkojo unamtoka wenyewe, hawezi kuuzuia. Daktari anauita ugonjwa huu fistula. Anasema unatibika kwa upasuaji huko Mwanza, ila zamu yetu ni mwezi Juni. Basi nimemshonea vitambaa vya kujihifadhi kwa mabaki ya vitenge yaliyo hapa kazini. Bado hawezi kuinama, kwa hiyo nafua mimi na kuanika uani.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitumia mabaki ya sare ya harusi ya Ikhlas, binti wa jirani yetu. Mama yake akayatambua maua ya sare yao kwenye kamba. Akasimama uani akapaza sauti: "Fundi! Kitambaa cha harusi ya mwanangu umekifanya nepi ya mkeo? Na kumbe wewe ndiye unayefuaga! Huyo mwanamke kakuwekea nini kwenye chai?" Uani wote wakacheka. Kesho yake walikuja kuchukua vitenge vyao vyote, hata ambavyo havijakatwa. Wateja wengine wamewafuata. Wanasema hawawezi kuvaa nguo iliyopita kwenye mikono hii.

Baba mdogo Rafaeli amenipigia. Anasema ukoo utakaa Jumamosi, na wanataka nimrudishe Kwangu kwao Bunda. Wewe ndiye mwenyekiti. Nakuomba uwakatalie.

Mwanao,
Abednego


Butiama
12 Machi 2024

Mwanangu Abednego,

Marahaba. Barua yako ameileta Bernado, kondakta, nami nimemwomba achukue na hii. Mguu ni uleule. Ng'ombe wanakula. Mpe Kwangu pole yangu, na umwambie ninamwombea.

Sasa nisikilize. Kumtunza mkeo ni wajibu wako, wala sikulaumu kwa hilo. Ninakulaumu kwa kamba. Mwanamume akifua nguo za mkewe ndani, hilo ni la nyumba yake. Akizianika mbele ya watu, amewataka waseme. Fua ndani, anika ndani.

Kikao kimekaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Kabla sijayasema, Rafaeli aliniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, hebu tuambie, huko Musoma tulioa au tuliolewa?" Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga uji wake. Baada ya kicheko kile sikuona mahali pa kuingizia neno. Wameamua Kwangu akakae kwa wazazi wake mpaka apone. Asipopona, wataketi tena. Nimetia saini kwa kuwa mimi ni mwenyekiti, na nakala ya uamuzi nimeiweka humu. Usimwonyeshe. Mweleze wewe mwenyewe, kwa upole.

Baba yako,
Benjamini


Kitaji, Musoma
7 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui hali yako, na leo sitauliza mengi.

Nilikutii. Nilianika ndani wiki mbili. Vitambaa havikukauka, vikawa vinanuka, na Kwangu akapata vidonda mapajani. Nikavirudisha uani.

Kisha shangazi alifariki Kiabakari, nawe mguu ulikuzuia kufika. Kwangu alisema lazima aende, maana shangazi ndiye aliyempokea siku ya harusi yetu. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake. Mmoja akasogea, kisha mwingine. Mwisho mke wa Rafaeli akaleta salfeti, gunia la plastiki la mbolea, akaitandika pembeni, akamwambia, "Mwanangu, wewe kaa hapa, utakuwa huru zaidi." Kwangu akahamia huko. Akakaa juu ya salfeti ile hadi tulipomaliza kuzika, hakulia hata kidogo. Nilikuwa upande wa wanaume. Nilimwona. Sikuinuka. Na hilo nilitaka ulijue.

Tuliporudi nilikwenda dukani kununua nyuzi. Nikarudi, hayupo. Droo ya cherehani ilikuwa wazi. Alikuwa amesoma barua yako pamoja na nakala, ameikunja vizuri na kuirudisha, ila nakala ameondoka nayo.

Nilimfuata Bunda. Baba mkwe Jilala alinipokea kwa heshima, akanionyesha ile karatasi. "Hii si saini ya baba yako?" Nikasema ndiyo. "Basi ukoo wenu umeandika. Mimi nifanyeje?" Wamempa chumba cha kuhifadhia pamba, mbali na nyumba kubwa. Hakukubali kutoka nionane naye. Alisema akiwa nyuma ya mlango, "Abedi, nenda ukashone. Mimi nikiwa huku wateja watarudi."

Baba, umefundisha watoto wa watu miaka thelathini na mitano. Nifundishe na mimi. Kwangu amewakosea nini? Kwa nini mtu akiumwa anaachwa peke yake, na anayemhudumia anachekwa?

Abednego


Butiama
9 Juni 2024

Mwanangu Abednego,

Ninakuomba radhi kwa miezi hii miwili. Kila nilipoanza kuandika niliona ninajitetea, nikachana. Natumaini u mzima, na kwamba unakula.

Marehemu mama yako, kabla hajafariki mwaka 1991, hakuweza kuinuka kitandani kwa miezi mitano. Ninyi mlikuwa kwa bibi yenu, hamkuona. Nilimfulia mimi. Nilifunga mlango, nikafungua redio kwa sauti kubwa ili majirani wasisikie maji kwenye beseni. Siku moja aliniambia, "Baba Abedi, punguza redio, nimeshajua unanionea aibu." Nilikana. Alikuwa anasema kweli.

Umeniuliza kwa nini. Katika kikao kile tulikuwa wazee saba, nami ninajua yaliyofichwa katika nyumba za wanne kati yao, nao wanajua ya kwangu. Macho yakiwa kwako, hakuna anayetutazama sisi. Aliyemwaga uji ndiye aliyecheka kuliko wote, na mwanawe mgonjwa amefungiwa chumba cha nyuma mwaka wa sita sasa.

Niliwaambia ninaondoa saini yangu. Walinisikiliza hadi mwisho. Rafaeli akasema, "Kaka amechoka, tumpumzishe." Sasa yeye ndiye mwenyekiti, na uamuzi umebaki vilevile.

Jana nilikwenda Bunda kwa basi, na fimbo mkononi. Kwangu alitoka kunisalimu. Alitazama upepo unakotoka, kisha akazunguka akasimama upande wa pili, mbali, ili usiniletee harufu yake. Nikamwomba msamaha. Akajibu, "Baba, ninyi walimu mlitufundisha kusoma barua kwa makini. Yako nimeisoma." Hospitali ya Mwanza imemwita tarehe 17. Atakwenda na mama yake. Amekataa nimsindikize, nawe amekukataa pia. Kuhusu kurudi Kitaji, hata akipona, anasema atafikiri.

Nyuma ya chumba chake vitambaa vilikuwa vimetandazwa chini, kwenye majani, mahali pasipoonekana. Nilivichukua viwili, chenye maua ya sare na kingine cha buluu, nikavianika kwenye kamba ya mbele, inayotazama barabara. Jilala aliniangalia. Nilipofika njiani niligeuka. Mama yake Kwangu alikuwa ameshavianua.

Nimemwachia Kwangu karatasi na bahasha zenye anwani yangu. Usimfuate. Akishaamua, lolote atakaloamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Baba yako,
Benjamini