Malkia Aliyemng'ata Askofu Sikio

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi maana nimejichimbia shimo mwenyewe. Naishi Wexborough mwaka wa kumi na tisa sasa, watu wanatoka mbali kuja kuutazama mji wetu wa kale, lakini mimi napanda treni ya alfajiri kwenda kazini London na kurudi nimechoka, kwa hiyo ninachokijua ni njia ya stesheni tu. Mwezi uliopita mama mkwe, Bi Winifred, alitutembelea, mke wangu Hilary akasema, "Clive, mtembeze mama, wewe si mwenyeji?" Tulipofika kwenye mnara wa kale wa hapa mjini mama akauliza ulijengwa kwa ajili ya nini, nikaona haya kusema sijui, nikamwambia alifungiwa humo malkia aliyemng'ata askofu sikio. Alifurahi huyo! Akatoa daftari akaandika, nami nikanogewa, nikaongeza watawa waliotoroka na jibini kupitia handaki hadi kwenye baa. Sasa amepiga simu, Jumamosi anakuja na basi la akina mama arobaini wa kanisani kwao, na wa kuwatembeza ni mimi! Hilary anaimba jikoni, eti hatimaye mama yake ananipenda, baada ya kuniita "yule wa treni" miaka yote. Watembezaji wageni wa kujitolea wapo hapa, wana beji, na mmoja husimama pembeni yangu stesheni kila asubuhi tangu nihamie, ila siwezi kumwomba, hatujawahi kusalimiana. Nifanyeje?

Clive, Wexborough

Clive, pole, lakini nimecheka hadi chai ikanipalia. Mtu mzima unamtungia malkia meno!

Mpigie mama mkwe leo hii. Mwambie, "Mama, nilikudanganya, niliona haya." Atanuna, na ana haki. Lakini afadhali anune sasa kwenye simu kuliko aaibike mbele ya wenzake arobaini, maana hilo hatakusamehe, wala Hilary.

Halafu huyo wa beji. Miaka kumi na tisa mmenyeshewa mvua pamoja, unaogopa nini? Kesho msalimie, mwulize jina, mwombe awatembeze Jumamosi. Wewe beba miavuli, funga mdomo, usikilize.

Na ufanye haraka. Wiki jana niliandikiwa na bwana mmoja wa Wexborough, mwenye beji, anauliza amemkosea nini jirani yake wa stesheni hata hamsalimii. Nimemwambia aanze yeye. Muwahi.