Tangazo Langu la Kuzamia

Antonia, leo yamenikuta. Lile tangazo langu!

Unakumbuka niliandika, "Njoo uzamie nasi! Mafia, Pemba, Mnemba. Huhitaji uzoefu"? Nilimaanisha kuzamia baharini kuona samaki. Nilisahau kwamba huku Karatu kuzamia ni kujificha melini mpaka Sauzi, Afrika Kusini!

Leo ofisini kwetu, pale kampuni ya utalii, kaingia mama mmoja kutoka kijiji cha Baray, anamvuta mwanawe Leonce, mtu mzima na ndevu zake, begi mgongoni. Leonce alikuwa ameshaaga ukoo mzima.

"Ndiye wewe unayewazamisha watoto wetu? Twende polisi!"

Polisi, Antonia! Mimi ninayeomba radhi nikikanyagwa! Bosi akajifanya anaongea na simu.

Nikaeleza haraka haraka. Mama, mtu anavalishwa mtungi wa hewa, anashuka chini ya maji, anakuta samaki wa kila rangi.

"Anawavua."

"Hapana, Mama. Hairuhusiwi hata kuwagusa."

"Sasa anashuka kufanya nini?"

"Kuwaangalia."

"Halafu?"

"Halafu anapanda juu."

"Na hicho ndicho mlichotangaza?"

"Ndiyo, Mama."

Nakuambia hasira zote zilimwisha. Akanishika mkono taratibu, kama mtu aliyekuja kunipa pole ya msiba. Polisi hakuitaja tena. Akamgeukia mwanawe:

"Leonce, shika begi twende nyumbani. Heri wale wa Sauzi, angalau wana wanakokwenda."