Filamu Yako Juu ya Marehemu Nikodemu

Katubuka,
Kigoma.
12 Machi, 2024.

Mpendwa mwanangu Anatoli,

Marahaba, shikamoo yako imefika pamoja na filamu. Hujambo huko Dar? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi shangazi yako ni mzima, goti tu ndilo linalonisumbua.

Filamu tumeitazama Jumapili, ukumbini parokiani. Uliniambia nikilia utajua umefaulu, ndipo uipeleke televisheni. Basi mwanangu, sikulia. Jirani yangu Frida alilia mpaka kanga ikalowa, lakini huyo hata tangazo la sabuni humliza. Usimtegemee.

Sasa wananisema eti nina moyo mgumu. Thubutu! Kaka yangu nilimlilia mpaka sauti ikanikauka.

Ila yule mzee wako mpole, anayepiga magoti akitazama ziwa dakika kumi bila hata kukohoa, ndiye baba yako? Ndiye Nikodemu? Alipofariki ulikuwa na miaka minne, sikulaumu. Waliokusimulia wamekupa sanamu ya kanisani.

Baba yako alikuwa katekista kule Kibirizi. Wanawake walikuja kusali wakiwa wameacha dagaa wameanikwa mchangani. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, wingu likatanda. Tukatazamana, hakuna aliyethubutu kuinuka. Yeye akafunga kitabu, pa! "Jamani, kaanueni! Mungu hajaenda popote!" Akatangulia mbio, kanzu kaikunjia kiunoni. Tukazoa dagaa huku akituongoza sala ya Nasadiki, anahema, anaruka maneno, nasi hoi kwa kicheko. Ibada aliimalizia chini ya turubai, wote tumelowa, tunanuka samaki. Sijasali vile tena.

Usiipeleke bado. Najua umeihangaikia miaka mitatu na neno hili litakuuma, lakini afadhali likuume kutoka kwangu. Njoo na kamera yako. Waliomjua vizuri tumebaki wawili, mimi na Mzee Selestini, naye siku hizi ananiita kwa jina la mama yangu.

Msalimie sana mkeo Scola, na mjukuu wangu Gasper umbusu kwa niaba yangu. Mama yako mdogo Veneranda anakusalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Nilikaa saa mbili pale ukumbini nikimsubiri kaka yangu atokee. Hakutokea, mwanangu. Njoo upesi, nami bado namkumbuka.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Skolastika