Picha za Jumapili

Ouma, ndugu yangu,

Nimechoka, kwa hiyo usitegemee mwandiko mzuri. Nimekaa hapa Busia kwenye veranda ya duka, cherehani yangu iko mbele yangu, yako iko pembeni imefunikwa gunia. Miezi minne imepita tangu tukuzike Buteba. Mwenye duka ameniuliza mara mbili kama alete fundi mwingine akae mahali pako. Nimemwambia angoje. Angoje nini, hata mimi sijui.

Nianze na sinema, maana najua ndiyo ungeiulizia kabla hata ya salamu. Jumba la Tororo limeleta picha tatu za kauboi mfululizo, na zote tatu ni picha moja. Jamaa anapanda farasi, anaua watu ishirini, kofia haianguki, na tangu mwanzo hadi mwisho hajatia kitu mdomoni. Vijana bado wanakuja kutaka shati lenye kola kama ya yule jamaa. Nawashonea, ila mkono umekuwa mzito. Ya Kihindi ililetwa moja tu, nikatoka kabla ya wimbo wa nne. Bila wewe kando yangu unafuta machozi na kusingizia vumbi, saa tatu za nyimbo siziwezi.

Televisheni nayo imefika. Wameiweka hotelini kule Tororo, na watu wanabanana dirishani kuitazama. Nimeiona. Ni kisanduku chenye watu wa kijivu, wadogo kama kidole gumba, na muda mwingi ni bwana mmoja mwenye tai anaongea peke yake. Haifiki mbali hiyo. Redio ndiyo ile ile. Jina lako lilisomwa katikati ya majina ya marehemu wengine, kwa sauti ile ile ya kusomea matokeo ya mpira. Nusura niivunje.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Ni mama yako.

Siku ile homa ilipokuzidi ulinishika mkono ukasema, "Jumapili usimwache mama bila picha." Nikakubali haraka haraka, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa. Desturi yako niliijua: Jumamosi mchana sinema, Jumapili baada ya kanisa unakaa mlangoni kwa mama, yeye anachambua mtama, wewe unamsimulia picha mwanzo mpaka mwisho. Miaka sita. Mimi sikuwahi kukaa nikasikiliza. Nilidhani unasimulia ulichokiona.

Basi nikaenda. Mama akaomba nimrudie ile ya ndugu wawili waliogombania shamba, tuliyoiona kabla hujaugua. Nikasimulia vizuri tu, hadi pale mdogo anapozama mtoni. Mama akaacha kuchambua. "Hapana, Barasa. Ouma alisema alitoka mto. Alikwenda nyumbani, mama yake akamupikia." Ouma, unanijua. Mimi ni mtu wa kubishana hata na bango la sinema. Nikamwambia, mama, nilikuwepo, yule kijana alikufa. Nikamweleza mpaka maji yalivyomfunika kichwa. Akaniuliza habari za picha nyingine, yule askari, na yule dereva wa treni, na yule binti mgonjwa. Nikajibu nilichokiona kwa macho yangu. Wote walikufa. Kwako wewe wote walikuwa wamerudi nyumbani.

Mwongo mkubwa we! Miaka yote tunabishana njiani kama picha ni nzuri au mbovu, kumbe kichwani una za kwako!

 Mama aliinama akaendelea na mtama wake, nami nikapanda baiskeli nikiwa na aibu. Nilihisi nimekuchongea kwa mama yako, nawe huna kinywa cha kujitetea. Jumapili iliyofuata sikuanza hata kusimulia. Aliniwahi. "Jumamosi nakwenda na weye. Nataka kuona na macho yangu."

Nilitoa visingizio vyote nilivyokuwa navyo. Basi linajaa, viti ni vya mbao, watu wanavuta sigara mle ndani. Hakusikia. Niliogopa, Ouma. Zile Jumapili ndizo alizobaki nazo kutoka kwako. Akikaa mbele ya kile kitambaa cheupe akaona kwamba mwanawe alimdanganya miaka sita, angekuzika mara ya pili, na mwenye kosa ningekuwa mimi.

Juzi Jumamosi nikampeleka, onyesho la mchana. Alivaa gomesi yake ya kanisani, lile gauni refu la mkanda. Kabla ya kukaa alisalimia safu yetu yote, mmoja mmoja kwa mkono, kama tumeingia msibani, na watu wakamwitikia. Bahati mbaya yangu, picha yenyewe ilikuwa ya kijana aliyekwenda vitani. Mama yake anamngoja, anamngoja, mwisho analetewa barua na koti. Taa zikawashwa. Watu walishapiga makofi na kutoka, mama yako bado amekaa, mikono mapajani. Nilikuwa nangoja alitaje jina lako.

Hakulitaja. Tulitoka kwenye jua, tukatembea polepole mpaka kituo cha basi. Nikamtafutia kiti cha dirishani. Basi lilipoondoka ndipo aliposema, "Hao watu ya kutengeneza picha, hao bado kuzika mtoto."

 

Akavuta mkono wangu. "Haya, Barasa. Niambie. Yule kijana alirudi namna gani?"

Nilimtazama kama anatania. Hakuwa anatania. Mimi kusema nisichokiona sijawahi. Nikaanza vibaya. Nikasema alirudi kwa miguu, mchana, mvua imekatika. Mama akauliza nani alimwona kwanza. Nikasema mbwa. Akauliza alikuwa amekonda? Sana, nikasema, lakini sauti ilikuwa yake. Abiria wa mbele aligeuka kusikiliza. Walipika nini, akauliza, na nikamtajia kuku, na matoke, na samaki wa kukaushwa, na sikujua kama nalia mpaka aliponipa ncha ya mkanda wa gomesi nijifute. Tuliposhuka Buteba yule kijana alikuwa ameshiba na amelala kitandani kwake.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Nitakwenda sinema, wataua wanavyotaka, na kila Jumapili nitamrudishia mama yako mmoja.

Wako,
Barasa