Maji Niliyoyaonja Mobeni

Albert Park,
Durban,
Afrika Kusini.

12 Januari 1999
(24 Ramadhani)

Mpendwa Shangazi Mwanakombo,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Kabla ya lolote nakuulizia hali. Goti lako la kushoto limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka kwenye swala? Kisima kimejaa, au mnachota tope? Na saumu inakwendaje na joto hilo? Mimi mwilini sijambo, ila vidonda vya mdomo tu, na hivyo navyo vina habari yake. Huku mwezi huu jua linachelewa kuzama, tunafuturu kwenye saa moja. Antoinette, yule mama wa Kikongo ninayekaa kwake na mumewe, hunipikia uji kila siku ingawa yeye ni Mkristo. Mungu amlipe.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Kusikia kuwa jina lako limo kwenye orodha ya mahujaji na kwamba Machi unapanda ndege, hiyo ni habari ambayo mtoto yeyote angeruka kwa furaha. Mimi niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na tangu hapo usingizi nausikia kwa jirani.

Shangazi, barua hii isome mwenyewe. Usimpe Subira akusomee barazani. Na nimeacha kupiga simu dukani kwa Makame kwa makusudi, maana simu ile ikilia kijiji kizima hutega sikio.

Nilikwambia nafanya kazi kwenye kampuni ya maua. Si kweli. Nilikuwa nalima bangi. Mwaka mzima, na fedha zote nilizokuletea kwa ajili ya Hija zimetoka huko. Sasa nimeshalisema.

Mobeni ni mtaa wa viwanda na maghala. Ghala letu limebandikwa kibao cha vyombo vya plastiki, na ndani hakuna hata sahani. Madirisha yamezibwa, taa kubwa zinawaka mchana kutwa, feni zinavuma, na chini ni mifuko safu kwa safu, kila mfuko na mti wake. Mwenyewe ni Zénon, Mkongo wa Lubumbashi, suti na tabasamu, Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani. Nilipoanza alinieleza kuwa ni dawa. Nitakuwa mwongo nikisema nilimwamini. Nilijua siku ya pili, nikanyamaza.

Sasa sikia linalonichoma. Ile mifuko haina udongo, ina vumbi la makumbi ya nazi. Ndiyo, makumbi haya haya! Huletwa na meli kutoka Asia yakiwa yamesagwa na kushindiliwa kama matofali. Nilipopasua la kwanza nikarowesha, harufu ilinipiga, ile ile ya makumbi yakifukuliwa pwani, nikakuona umeinama kwenye shimo lako na kanga imefungwa kiunoni. Nilitaka kulia.

Miti yao wakati ule ilikuwa inakufa. Majani yameungua pembeni, na Zénon anafunua kitabu chake haoni kitu. Mimi nikatia kidole kwenye maji yanayodondoka chini ya mfuko, nikaonja. Chumvi tupu! Makumbi yalikuwa yameozeshwa kwa maji ya bahari na hakuna aliyeyaosha. Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimamia kuosha usumba, zile nyuzi za makumbi za kujazia magodoro, kwa maji ya kisima, kwa kuwa godoro la chumvi huvuta unyevu na mtu akaamka amelowa? Ulikuwa unaonja wewe mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, mpaka ulimi usikute kitu. Basi nikawafanyia vile vile, mfuko kwa mfuko. Miti ikachanua. Tangu siku hiyo nikawa fundi wa maji, na Zénon akawa anawaambia watu kuwa ulimi wangu unashinda mashine.

Elimu yako, shangazi, uliyonipa bure nikiwa sijaota ndevu, mimi nimekwenda kuoshea bangi. Najichukia nikifikiri hivyo.

Na kazi yenyewe ni uchafu mtupu. Miti hulishwa mbolea kwa maji, na makumbi ni yale yale, hayaachi kwa urahisi kitu kilichoyaingia. Kwa hiyo inapokaribia kuvunwa, mbolea inakatwa, unamwaga maji matupu siku kumi, siku kumi na nne, mpaka yanayotoka chini yawe safi. Wasipofanya hivyo, wavutaji hulalamika kuwa inakwaruza koo. Mwenye kusema yamekuwa safi ni mimi, kwa ulimi. Maji rangi ya chai iliyolala, yana utelezi, na vijidudu vyeupe vinaogelea juu. Ladha yake ni sabuni na kutu. Nikitema, kinabaki kitu nyuma ya meno mpaka jioni. Ndipo vidonda hivi. Nguo nazo zilikuwa zinanuka mpaka Antoinette akanikataza kuziingiza ndani: “Nguo yako iko nanuka mubaya, Jecha! Iache ku balcon, watoto wasizimie.” Alidhani ni dawa za maua, masikini. Nami nilimwacha adhani.

Ramadhani ilipoingia, mavuno yalikuwa yamekaribia, na maji lazima yaonjwe. Basi mimi, mtu mwenye akili timamu, nikaenda msikitini kumuuliza sheikh kama mfungaji anaweza kuonja maji kwa ajili ya kazi yake akatema. Sheikh ni mzee wa Kihindi, mpole. Akanijibu kuwa kwa dharura inafaa, kama mpishi anavyoonja mchuzi, almuradi asimeze kitu. Kisha akauliza kazi gani. Nikasema maua. Yule mzee akainua mikono papo hapo akaniombea Mungu aibariki kazi yangu na aizidishe, na mimi nikaitikia amina.

Nilitoka pale sina uso wa kutazama mtu. Lakini kesho yake, sikufichi, nilikwenda kazini.

Ijumaa iliyopita ndiyo iliyonimaliza. Zénon alikuja adhuhuri akasema tusimwage tena maji, tukate. Ilikuwa siku ya nne tu. “Watu ya Point iko nangojea, vieux,” akasema, yaani wanunuzi wake wa mtaa wa Point. “Maji tupu juma mbili, ya kufanya nini? Kata tu.” Mimi nikapandisha mori. Nilimwambia hapana, hii haijasafika, nimeonja mwenyewe, ni aibu kumpa mtu kitu hiki, kazi ni kazi, mtu hafanyi nusunusu. Koo limenikauka kwa saumu, nimesimama mlangoni nimetandaza mikono kama ninalinda mali ya yatima! Zénon akanitazama, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. “Eish, Jecha! We unatetea bangi kushinda baba yake!”

Shangazi, kicheko kile kiliniingia. Kwa mwaka mzima sikupata kugombana na mtu yeyote kwa ajili ya haki. Nilipoipata sauti, nikaipata kwa ajili ya bangi, mchana wa Ijumaa ya Ramadhani, saa ya watu kwenda msikitini. Nikatema mate mpaka mdomo ukabaki mkavu. Nikavua yale mabuti ya mpira nikayaacha pale pale, nikatembea peku mpaka barabarani kwenye teksi. Sijarudi, na sitarudi. Sasa nabeba magunia kwenye ghala la mchele, mgongo unaniuma, lakini ninachokula nakijua.

Ningeweza kunyamaza. Ungekwenda na kurudi na nani angejua? Barthélemy, mumewe Antoinette, nilipomweleza yote, aliniambia nikuache mama wa watu uende zako, Mungu hasomi namba za noti. Nilitamani kumsikiliza. Lakini la kuvunda halina ubani. Siwezi kukaa huku nikakuwazia umesimama Arafa, umevaa nyeupe, kwa fedha ile.

Kwa hiyo nakuomba: zako za kamba na mwani ziweke, hizo ni jasho lako. Zangu zitoe zote, umuulize sheikh wa msikiti zifanywe nini, na usimfiche zilikotoka. Najua zikitoka zangu nauli haitimii. Najua pia una miaka sitini na tisa na goti bovu, na mwaka mwingine si ahadi ya mtu. Watu wakikuuliza kwa nini huendi, wataje jina langu. Usinisitiri.

Nisalimie mjomba Khatibu, Bi Mtumwa, Subira na wanawe, na Makame wa dukani. Mungu akupe afya, aikubali saumu yako, na akufikishe Maka kwa njia yake anayoijua Yeye.

Umeniandikia kuwa umekwisha kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama wafanyavyo mahujaji, na kwamba kwa kuwa mimi niko mbali unaniomba kwa barua, kama kuna siku uliyonikosea nikusamehe. Kila nikifika mstari huo, wewe kuniomba radhi mimi, sioni mbele. Nimejaribu kukuandikia “nimekusamehe”, shangazi, kwa kuwa ndivyo ada inavyotaka mtu ajibu, na mkono umekataa.

Mwanao akupendaye,
Jecha